Kukimbia Nilishamaliza

Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga. Niliipenda kazi ile na bado naipenda. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walinijia wakitoka shule za msingi ambako walisoma kila kitu kwa Kiswahili, na ghafla jiografia, baiolojia na hisabati, vyote vimegeuka Kiingereza. Walichokihitaji kwanza ni maneno, nami nikawapa maneno. Nilipiga mstari katikati ya ubao: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Run, kukimbia. Set, kuweka. Get, kupata. Take, kuchukua. Wakanakili, wakakariri, Ijumaa wakafanya jaribio. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na walionifundisha walifundishwa vivyo hivyo.

Leo ni mkalimani katika hospitali na kliniki za Louisville, jimbo la Kentucky. Ushuhuda huu ni wa namna kazi hiyo ilivyobadilisha fikra zangu juu ya lugha, ya Kiingereza na ya kwetu pia. Walionibadilisha ni wagonjwa, na lililonibadilisha zaidi ni run, neno la herufi tatu ambalo watoto wa Muheza walikuwa wakilimaliza wiki ya kwanza ya muhula.

Wengi ninaowakalimania ni Wakongomani wa upande wa Ziwa Tanganyika: Fizi, Baraka, Uvira, Kalemie. Wengi wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, na wapo vijana waliozaliwa humo humo, maana kambi ile ipo tangu miaka ya 1990. Kiswahili chao na changu ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali. Wao husema mutoto, mimi mtoto. Wakifika kwenye tarehe na namba za simu wengi huhamia Kifaransa, nami nimelazimika kujifunza kuhesabu upya. Shikamoo baadhi yao wameitoa Kasulu, na mama mtu mzima akiitikia shikamoo yangu kwa marahaba mjini Louisville moyo wangu hutulia.

Kazi yetu ina miiko. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "naumwa", nami nasema kwa Kiingereza "naumwa", wala sisemi "anadai anaumwa". Haongezi, hapunguzi, hatoi ushauri. Akikwama anaruhusiwa kusimamisha mazungumzo, akajitaja kuwa ni mkalimani anayeuliza, akaomba maelezo. Na anatunza siri. Kwa sababu hiyo wagonjwa wote nitakaowagusa hapa nimewachanganya na kuwafunika makusudi, asiwepo hata mmoja atakayetambulika. Msingi wa huduma yenyewe ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kumehesabiwa humo. Wagonjwa wengi hawajui kama ni haki yao. Huingia wakiomba radhi kwa kunisumbua, au huja na mtoto wa miaka kumi awasemee.

Nilipokuwa najiandaa kwa kazi hii niliyahofia maneno marefu. Nilijaza daftari majina ya magonjwa, ya mishipa, ya tezi, ya vipimo. Nilikesha nayo. Kumbe hayo ndiyo mepesi kuliko yote. Neno refu la kitabibu, lenye mizizi ya Kigiriki au Kilatini, mara nyingi lina kazi moja tu, na daktari mwenyewe anajua kuwa ni zito, hivyo hulieleza kabla hajaombwa. Presha, sukari, kifafa, kifua kikuu, upungufu wa damu: kila moja lina mwenzake amekaa anamsubiri. Linalotoa jasho ni lile dogo ambalo daktari halihesabu kabisa kuwa ni neno. Analitoa mdomoni kama anavyotoa pumzi.

Siku moja nilikuwa na mama na mwanawe mdogo, amembeba kwa kitenge, uso wa mtoto umeiva kwa homa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa binti wa pale pale Kentucky, mpole, wa lafudhi ya kuvuta. Aliuliza kama pua ya mtoto ina run. Nikamuuliza mama kama mtoto anatokwa na kamasi jepesi, na hata kabla hajajibu alikuwa amekwisha kulifuta kwa pembe ya kitenge. Akauliza kama mtoto ana run joto. Nikamuuliza mama kama amechemka usiku. Akauliza kama ana the runs. Nikauliza kama anaharisha. Akauliza kama dawa ya homa waliyopewa mara ya mwisho ime run out. Nikauliza kama imekwisha.

Akaingia daktari. Alitaka ku run vipimo, nami nikasema watampima damu na mkojo. Aliagiza dripu i run kwa muda wa saa moja, nami nikasema maji haya yataingia polepole hadi saa moja ipite, usishtuke ukiona yanakawia. Aliuliza kama pumu ina run katika familia. Hapo nilivuta pumzi, kisha nikasema: kwenu, upande wako au upande wa baba yake, kuna watu wenye pumu? Mama akafikiri, akamtaja mjomba wake. Mwisho daktari akasema ugonjwa huu hauna dawa ya kuukatisha, waache u run mwendo wake. Nikasema utakaa siku zake, kisha utaondoka wenyewe, muhimu mtoto anywe maji.

Katika mazungumzo yote hayo sikutamka kukimbia hata mara moja. Jioni, nikiwa kwenye basi, ndipo nilipoliona jambo hilo lote kwa pamoja, na lilinishangaza kwa sababu nilikuwa sijafanya juhudi yoyote ya kulikwepa. Sikuwa nimetafuta neno la upande wa kulia wa ubao. Nilikuwa nimeitazama pua ya mtoto, nimeitazama dripu, nimemfikiria mjomba mwenye pumu, halafu nikasema kinachotokea kwa namna tunavyokisema sisi. Tangu siku ile nikaanza daftari jingine. Hili halina mstari katikati. Naandika tukio: nani alikuwa anasema, ameshika nini, nini kilikuwa kinatiririka, kinaisha, kinaendelea au kinarithiwa.

Daftari hilo lilinirudisha kwenye kamusi kwa njaa ambayo sikuwa nayo hata nilipokuwa chuoni. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, ilikipa kitenzi set maana zipatazo 430, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililosifika kuwa neno lenye maana nyingi kuliko yote katika Kiingereza. Baadaye walipoipitia upya herufi R, mhariri Peter Gilliver alikaa na run zaidi ya miezi tisa. Alipomaliza, kitenzi hicho peke yake kilikuwa na maana 645. Ukizipitia utaona historia ya Waingereza na Wamarekani imelala humo. Miguu ndiyo iliyoanza, na maji ya mto, na damu. Kisha zikaja meli, saa za ukutani, mitambo ya mvuke, treni, viwanda, na juzi hizi kompyuta. Kila kitu kipya kilichokwenda bila kusukumwa kwa mkono kilipewa kitenzi hicho hicho cha zamani. Mtu anayegombea urais ana run. Duka lina run, na mwenye duka naye ana run duka. Basi lina run kila baada ya nusu saa. Rangi ya nguo ina run ukiifua vibaya. Wenye akaunti wakiikimbilia benki yao kutoa fedha kwa hofu, hiyo nayo ni run.

Nilimkumbuka pia A. S. Hornby, ambaye kamusi yake tulikuwa nayo shuleni, jalada limechanika na kushonwa. Hornby alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani kuanzia miaka ya 1920. Yeye na wenzake waliandaa kamusi kwa ajili ya wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa kwao mwaka 1948. Alichokijali sana Hornby ni jinsi kitenzi kinavyokaa katika sentensi: kinafuatwa na nini, kinakubali nini, kinakataa nini. Alifundisha Wajapani akaona, kama nilivyokuja kuona mimi mbele ya wagonjwa, kwamba neno likitolewa peke yake mwanafunzi halifanyii kitu. Mwingine ni J. R. Firth, aliyefundisha isimu katika chuo kile cha London kinachosomesha lugha za Afrika na Asia. Yeye alishikilia kwamba maana ya neno utaijua kwa kutazama maneno linayofuatana nayo. Mwanafunzi wa fikra hizo, John Sinclair wa Birmingham, alikusanya mamilioni ya maneno kutoka kwenye maandishi na mazungumzo halisi, akayatia katika kompyuta, na mwaka 1987 ikatoka kamusi ya COBUILD. Moja ya mambo iliyoyaonyesha ni kwamba vitenzi vinavyotumika sana, kama take na make, mara nyingi havina uzito wa peke yao. Uzito uko kwenye neno linalofuata. Niliposoma hilo niliiweka kamusi mezani nikanyamaza, maana nilikuwa nimemsikia muuguzi akilitenda.

Lakini kilichonigeuza kabisa hakikutoka Oxford wala Birmingham. Kilitoka Muheza, kwa simu.

Mama yangu hunipigia Jumapili, usiku wa kwao. Hunipa habari za mtaa mzima kwa mpangilio wake mwenyewe, na hakatizwi. Jumapili hiyo alianza na mtoto wa jirani, ambaye usiku kucha alikuwa anaendesha, macho yameingia ndani. Wakamwita yule kijana anayeendesha bodaboda, akawapeleka zahanati hata nauli hakudai palepale. Ndiyo maana mama mwenyewe alichelewa kwenye kikao cha VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, akakuta mwenyekiti mpya ndiye anayeendesha, na anaendesha vizuri kuliko yule wa zamani. Nilimwambia, "Mama, ngoja." Akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, endelea. Endelea! Hata hilo nalo.

Mtoto anaendesha, kijana anaendesha, mwenyekiti anaendesha. Tumbo, pikipiki, mkutano. Kiingereza cha Kentucky kinatumia run kwa tumbo la mtoto na kwa kikao cha akina mama, na mama yangu, ambaye hajasoma Kiingereza zaidi ya salamu, anafanya hivyo hivyo kwa kitenzi chetu. Sikulala mapema. Nilichukua kwenda, nikalifuata kila linapokwenda. Saa inakwenda. Mambo yanakwendaje? Moyo unanienda mbio. Mwanamke akiwa katika siku zake tunasema amekwenda mwezini, na mtu akitoka haraka kwenda chooni tunasema amekwenda haja. Aliyefariki amekwenda, na akitajwa kwa heshima ni mwendazake. Aliyerukwa na akili ni mwendawazimu. Anayesimamia kesi ya Jamhuri ni mwendesha mashtaka. Tabia ya mtu ni mwenendo, kasi ya gari ni mwendo, na kile ambacho nchi zetu zimekitafuta tangu uhuru ni maendeleo. Yote hayo yametoka kwenye kitendo cha mtu kuinua mguu na kuuweka mbele.

Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni, na kwa ukimya nimewaambia wengine, kwamba Kiingereza ni kigumu kwa sababu neno moja lina maana nyingi, na Kiswahili ni chepesi kwa sababu kila neno linajulikana. Sisi tulio ndani ya lugha hatuoni maana nyingi. Tunaona mtoto mgonjwa, pikipiki na mkutano. Yule muuguzi wa Kentucky naye haoni maana 645. Anaona pua. Kutoka hapo sijawahi tena kumsikiliza mzungumzaji wa Kiingereza kwa woga. Na nimekuwa na heshima mpya kwa mama yangu, kwa bibi zetu, kwa makuli na wachuuzi, watu ambao lugha inawatii kila siku bila wao kupewa cheti chochote.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni mzito.

Mama mmoja wa makamo alikuwa na sukari. Daktari wake ni mtu mwema, wa kusikiliza. Alimweleza chakula, akamweleza vidonge, kisha akafika kwenye mazoezi. Akamuuliza kama huwa ana run. Hapa hapakuwa na dripu wala pua. Safari hii run ilikuwa run ya miguu, ile ile ya ubao wangu, na nilikuwa na neno lake mkononi. Nikasema: daktari anauliza kama huwa unakimbia. Mama hakunitazama mimi, alimtazama daktari moja kwa moja usoni.

"Kukimbia nilishamaliza mimi," akasema.

Nikalisema hilo kwa Kiingereza kama lilivyotoka. Daktari akatabasamu, akidhani ni magoti. Mama hakutabasamu. Chumba kikawa kimya, na nikajua kuna kitu kimeachwa kwenye upande wangu wa mazungumzo ambacho daktari hawezi kukiona. Nikatumia ruhusa tuliyo nayo. Nikasema, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili ili mama naye asikie ninachosema: mkalimani anaomba kufafanua, kitenzi hiki kwa Kiswahili ndicho tunachotumia pia kwa mtu aliyeikimbia vita, na kutokana nacho tunapata neno mkimbizi. Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia mama akamuuliza kama anapenda kumweleza zaidi. Mama akaeleza: usiku, watoto, mtumbwi, ziwa. Alieleza kwa maneno machache, nami nikayabeba kwa maneno machache vilevile. Daktari akauliza usingizi wake ukoje. Alikuwa hajalala vizuri tangu miaka hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku hiyo aliondoka na rufaa ya kwenda kwa mshauri wa afya ya akili, pamoja na vidonge vyake vya sukari.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kiingereza na Kifaransa humtaja mkimbizi kwa mahali alipopata hifadhi. Kiswahili humtaja kwa mbio zake. Yeye mwenyewe amebeba jina hilo kwenye kadi, kwenye foleni ya mgao, kwenye kila fomu, kwa miaka ya ujana wake wote. Kisha mtu wa kliniki anamuuliza kwa upole kama huwa anakimbia. Siku hizi daktari akiuliza swali hilo nasema mazoezi: je, huwa unafanya mazoezi, kutembea kwa haraka au mbio za taratibu? Linabeba kile daktari anachokitaka, na halimfungulii mtu mlango ambao hakuomba ufunguliwe. Lakini mgonjwa akiufungua mwenyewe, ni kazi yangu kuhakikisha wote chumbani wameuona.

Katika mafunzo yetu husimuliwa kisa cha Florida cha mwaka 1980, nami nakisimulia kila ninapopata mkalimani mpya wa kukaa naye. Kijana wa miaka 18, wa familia yenye asili ya Kuba, alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Ndugu zake walisema kwa Kihispania kwamba yu intoxicado. Kwao neno hilo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari walilisikia linafanana na neno lao la ulevi, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya, na hapakuwa na mkalimani wa kazi hiyo aliyeitwa. Alikuwa anavuja damu kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu yote. Fidia iliyokubaliwa ilifikia takriban dola milioni 71 kwa maisha yake yote, na haikumrudishia hata kidole kimoja. Nikisikia mtu anasema ukalimani ni kujua lugha mbili tu, namkumbuka kijana huyo. Neno moja lilionekana linajulikana, na kwa kuwa lilionekana linajulikana hakuna aliyeuliza.

Nimerudi kufundisha. Jumamosi, katika chumba cha chini cha kanisa moja, nakaa na akina mama wa Kikongo, na akina baba wawili watatu wanaotoka zamu ya usiku. Wengine wanafanya kazi kwenye maghala, wengine kwenye dobi za hoteli, wengine viwanda vya nyama. Ubao upo, lakini mstari wa katikati sijauchora tena. Tulipofanya run nilikuja na kipimajoto, ratiba ya basi, na kichupa cha dawa kisicho na kitu ndani. Tulifungua bomba la jikoni tukasema. Tulishika ratiba tukasema. Nikatikisa kichupa, hakilii, tukasema. Kisha nikawauliza wao wamelisikia wapi, na hapo ndipo darasa lilipowaka. Mmoja msimamizi wake humwambia a run maboksi haya hadi kule nyuma, naye alikuwa anajiuliza kwa nini akimbie na maboksi wakati sakafu inateleza. Nikamweleza anachotakiwa ni kuyapeleka tu, tena bila kupoteza muda. Alicheka hadi machozi, na nadhani sehemu ya machozi yale ilikuwa ni nafuu. Mwingine amesikia gari la kazini lina run nyuma ya muda. Mwingine mashine ya kufulia.

Yupo mama mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani maishani mwake. Kalamu anaishika kama anashika uzi wa sindano. Yeye alichukua run out akaliweka moyoni, kwa sababu katika maisha yake vitu vinaisha: nepi za mjukuu, unga, kadi ya basi, dawa yake ya presha. Wiki chache baadaye alikwenda duka la dawa peke yake, bila mjukuu wa kumsemea na bila mimi. Akaweka kichupa kwenye kaunta akasema maneno matatu, I run out. Sarufi ya kitabu ingetaka kitenzi kigeuke. Mfamasia alielewa, akajaza dawa, akampa. Alinisimulia hayo amesimama wima kabisa, mkoba kifuani, na darasa likapiga vigelegele. Nyakati nitamfundisha, na atazijua. Hilo la kusimama mwenyewe mbele ya kaunta alikuwa amelisubiri tangu afike nchi hii.

Nimemwandikia mwenzangu niliyekuwa nafundisha naye Muheza, yeye bado yupo darasani. Nilimweleza daftari langu lisilo na mstari. Akanijibu kwa ukweli: mwanangu, darasa limejaa, mtihani wa taifa hauulizi hivyo, na vitabu ni vya kugawana. Sina jibu la kuyafuta hayo, nayajua. Ila amekubali kuchukua neno moja dogo kwa wiki na kukaa nalo: kulitoa nje kwenye bomba la shule, kwenye kengele, kwenye tumbo la mtoto aliyekula maembe mabichi, na kuwauliza watoto sisi kwetu tukio hili tunalisemaje. Ameniandikia kwamba watoto wamemletea endesha wenyewe, kabla hajawaambia, na kwamba mmoja ameongeza kuwa babu yake huendesha ngalawa kule Tongoni. Hilo sikuwa nalo kwenye daftari. Nimeliandika.

Jumamosi ijayo tunaanza get. Akina mama wamelidai wenyewe, mmoja amekuja na karatasi ambayo mwanawe amemwandikia yote anayoyasikia kazini kwa siku moja: get in, get up, get off, get back, get ready, get paid. Ameniuliza inakuwaje mtu mmoja apewe amri nyingi hivyo kwa neno moja. Tutaanza na get paid, kwa kuwa hilo ndilo aliloliwekea nyota, na nimewaambia kila mtu aje na karatasi yake ya mshahara.